Bi Mwanamkasi binti Alawi, Mjane Aliyevunja Eda Kwenda Bomani

Jamaa, majirani, na nyote mliotoka mbali, asalaam aleikum. Leo tunaanua tanga la Bi Mwanamkasi, dada wa baba yangu. Mimi, Husseni bin Kibwana, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Bintiye Adija kanisihi nisome kwa upole, maana hapa ni msibani. Nitajaribu. Nikishindwa mtaniwia radhi, kwani marehemu mwenyewe hakuwa mpole.

Marehemu alizaliwa Kiwangwa mwaka 1910, zama za Mjerumani, mtoto wa pili wa Mzee Alawi, mkulima wa muhogo na korosho, na mkewe Bi Fatu. Vita vya Wazungu vilimkuta angali mdogo. Baba yake alikamatwa akabebeshwa mizigo ya jeshi, akarudi na mguu usiokunjika. Hata hivyo Mwingereza alipoingia babu alisema afadhali huyu, huyu ana sheria. Binti yake alilisikia hilo na akaliamini kwa miaka mingi.

Alisoma chuoni hapa Kiwangwa, kisha Bagamoyo kwa jamaa za mama yake, akahitimu msahafu mwaka 1922. Mwalimu wake alimchapa mara moja tu, wala si kwa kukosea kusoma. Aliona watoto wa wenye nafasi hawamletei mwalimu kuni na watoto wa maskini wanaleta kila siku, akawapangia zamu wote. Mwalimu alipomuuliza nani kamtuma, alijibu kuwa hakutumwa. Bakora alizipata, lakini zamu ile iliendelea mpaka alipotoka chuoni.

Mwaka 1927 aliolewa na Bwanausi bin Msabaha, wa hapa hapa Kiwangwa, wakajaliwa Adija mwaka 1929 na Msabaha mwaka 1932. Mwaka 1934 Bwanausi alifanywa jumbe. Walikuwa watu wa serikali, mke na mume. Mwaka 1937, sherehe za kutawazwa mfalme, walikwenda Bagamoyo kwa miguu wakarudi na kikombe cha bati chenye picha yake. Kikombe kile mtoto hakigusi. Kilitolewa kwa mgeni tu, na mgeni akishamaliza kahawa, shangazi hukifuta kwa upindo wa kanga. Tulikuwa tukimtania kwamba anamfuta Mfalme jasho.

Sasa nafika pale Adija asipotaka nifike.

Akida wetu wa wakati ule, ambaye jina lake sitalitia katika kisomo hiki, alikuwa akiwachukua watu walioshindwa kulipa kodi. Amri ilisema wakalime barabara. Yeye aliwapeleka kulima pamba shambani kwake. Bwanausi alikwenda Bagamoyo akamweleza Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Akaahidiwa kuwa Bwana Shauri atakuja mwenyewe kusikiliza. Bwanausi alirudi anacheka peke yake njiani, ndivyo marehemu alivyosimulia.

Bwanausi hakuwahi kumwona huyo mgeni wake. Mwezi wa Shaabani, mwaka 1938, mtu na mkewe walikuwa wakitoka shambani alasiri, jua bado jeupe. Mume mbele, mke nyuma na tita la kuni kichwani. Bunduki ikalia kichakani na Bwanausi akaanguka kifudifudi. Shangazi akamwona mpigaji akiinuka. Alikuwa tarishi wa akida, na kofia yake nyekundu, kashika bunduki ya bwana wake. Wakatazamana. Tarishi akaenda zake kwa kutembea, wala hakukimbia.

Akida aliandika bomani kwamba jumbe kauawa na simba. Ni kweli mwaka ule simba alikuwapo, kala mbuzi wa watu. Nasi tulimzika Bwanausi asubuhi yake, kama tunavyozika siku zote, hata daktari asimwone. Walioiona maiti ni wazee wawili walioiosha. Mmoja amekwisha kufa. Wa pili ni Mzee Mwinyijuma, tunaye hapa. Na mwosha maiti kwetu hasemi alichokiona, aibu ya maiti husitiriwa. Karani wa boma alipokuja kuwauliza, walijibu kwa sauti moja: "Tumemwosha, tumemkafini, tumemzika." Tundu la risasi nalo walilihesabu kuwa aibu ya maiti. Aibu ile ilikuwa ya akida, jamani, nao wakamsitiri yeye.

Akabaki shahidi mmoja, naye yumo ndani, kakaa eda. Mwalimu wa chuo alisema dharura inaruhusu mjane kutoka mchana. Mama mkwe wake akasema akivuka kizingiti kile asimwite mama tena. Shangazi alijitanda kaniki, akaongozana na baba yangu Kibwana, wakalala Fukayosi, siku ya pili wakaingia Bagamoyo. Ilikuwa Ramadhani, wote wawili wamefunga.

Bwana Shauri alimpa kiti. Alijua Kiswahili vizuri, na baba yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliyashika yote.

"Mama, una hakika hakuwa simba?"

"Simba niliyemwona mimi, Bwana, alivaa kofia nyekundu."

"Ulikuwa mbali naye?"

"Nilimwona kama ninavyokuona wewe. Muite. Aje aniangalie usoni aseme si yeye."

Tarishi hakuitwa. Waliitwa waosha maiti, wakaja, wakasema yale yale waliyomwambia karani. Bwana Shauri akamwambia shangazi arudi nyumbani, kwamba serikali inasikitika. Mwezi uliofuata akida alihamishwa, akapewa nchi kubwa kuliko yetu, na tarishi wake akamfuata huko.

Vijana hapo wakachemka, wakaichoma moto baraza ya akida. Mtu kapigwa risasi mgongoni, serikali ikaandika barua ya uhamisho. Makuti yakaungua, serikali ikaleta malori mawili ya askari. Tulichapwa mpaka wasiokuwapo. Baba yangu alifungwa miaka mitatu, akarudi na kikohozi, na mwaka 1943 tukamzika.

Tangu siku ile marehemu aliishi kwa jembe lake na kwa kuwasomesha watoto wa kike Kurani. Kikombe cha mfalme akakifanya cha kuchotea mtama wa kuku. Mama mkwe wake hakusema naye hadi anakufa, na wako wanawake, wengine wamekaa hapa, waliokataa kula naye sahani moja kwa sababu ya ile eda. Msabaha alikuwa akisoma shule ya serikali na walimu wanamsifu. Mama yake alimtoa, akasema hatamlea karani wa wale watu. Msabaha hajalisema hili mbele za watu. Nalisema mimi, kwa kuwa lilimuuma, na linamuuma.

Sisi tuliokuwa vijana wakati ule hatukupeleka tena shauri bomani. Mwizi akikamatwa tulimalizana naye wenyewe, na mara nyingine tulimalizana na asiye mwizi. Tukiitwa barazani tulikaa, tukasema ndiyo bwana, tukaondoka. Mwaka jana walikuja vijana wa chama, wenye maneno mazuri, wanauza kadi, wanasema serikali itakuwa yetu. Shangazi aliwakaribisha muhogo, kisha akawauliza, "Mkishaipata, mjane akija kumshitaki mtu wenu, mtamwita huyo mtu?" Mmoja akacheka, mwingine akasema inshallah, bibi. Shangazi hakuchukua kadi. Adija alichukua, na wakanuniana wiki nzima.

Maradhi yalimwanza mwezi wa Mei mwaka huu, 1956, miguu kuvimba na pumzi kuwa fupi. Tulitaka kumpakia lori tumpeleke hospitali Bagamoyo. Adija alimwambia, "Mama, hospitali si boma."

"Daktari mshahara wake analipwa na nani?"

Hakwenda. Naamini angekwenda tungekuwa naye leo.

Mwezi wa Julai Mzee Mwinyijuma alikuja kumtazama. Mimi nilikuwapo. Walisalimiana shikamoo, marahaba, kisha mzee akainamisha kichwa. "Mwanamkasi, tundu lilikuwa mgongoni. Nililiziba kwa pamba, kwa mkono wangu huu. Nipe ruhusa, nakwenda bomani nikaseme."

Shangazi akamuuliza, "Kwa hiyo eda yangu niliivunja bure?"

Mzee alilia. Naye akamwacha alie, hakumbembeleza. Baadaye akasema, "Bomani usiende, kaka. Pale nilikuhitaji siku ile, nimekaa peke yangu juu ya kile kiti. Sasa sina haja nao. Wewe ngoja tanga langu, watu wakishakaa, uwaambie wao."

Alifariki nyumbani kwake siku ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1956, baada ya adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Msabaha. Alizikwa siku ile ile, kando ya mumewe. Wanawake waliomwosha walikuwa wale wale waliokataa kula naye.

Ameacha watoto wawili, Adija na Msabaha, wajukuu sita, mimi mtoto wa kaka yake, na wanafunzi wa chuo wasiopungua kijiji kizima. Amemwacha pia Mzee Mwinyijuma, ambaye atasimama nikishakaa. Msimkatize, na msimsaidie maneno.

Mola amweke penye wasaa, amkutanishe na Bwanausi, na shauri lake alikate Yeye, asiyengoja shahidi. Amin.