Shahidi wa Pili wa Mwalimu Chilumba

Wakubwa wetu shikamooni, nanyi nyote poleni kwa msiba. Ukoo umenituma mimi Dastani, mpwa wa marehemu, niisome historia hii, ambayo mwenyewe ameiachia amri kwamba lisisomwe jambo lisilo na mashahidi wawili wasiokula chungu kimoja, kwa hiyo mkisikia pengo msitulaumu, mlaumuni yeye.

Mwalimu Optatus Yeremia Chilumba alizaliwa tarehe 3 Agosti 1956 hapa Lulindi, mtoto wa nne wa mzee Yeremia na mama Dominika, akasoma shule ya msingi hapa hapa tangu 1964 hadi 1970, akamaliza sekondari mjini Masasi mwaka 1974, akasomea ualimu, na Januari 1977 akapelekwa Kitangari, wilaya ya Newala, kufundisha historia. Tarehe 17 Oktoba 1981 alifunga ndoa na Rose, Mama Godwin huyu tuliye naye, wakajaliwa Godwin, Anjelina na Yuster, ambao wote wanashuhudia kwamba baba yao hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa.

Mwaka 1998 alianzisha shindano la wanafunzi kutafiti historia ya vijiji vyao, kila mwaka msimu wa korosho ukiisha, akiwakataza kuwaendea wazee na daftari mkononi kama makarani wa sensa, bali waamkie, wasaidie kubangua korosho, ndipo waulize, kwani mikono ikishughulika ulimi hulegea.

Mwaka 2009 Yasmini binti Mujibu, wa darasa la sita, aliandika kwamba njia ya kule Kitangari ya kuteremkia kisimani bondeni, ambayo Mwalimu alifundisha miaka yote kuwa ilichongwa na wanaume, ilichongwa na wanawake wakiongozwa na bibi yake, Bibi Pili, naye shahidi wake alikuwa bibi huyo peke yake. Mwalimu alimpa siku saba atafute wa pili pale kijijini, akakosa, akampa sifuri mbele ya shule nzima, na binti akasema, "Samahani Mwalimu, bibi yangu si mwongo," akatoka. Mwaka uliofuata Bibi Pili alifariki, na Yasmini akahama na wazazi wake.

Machi 2013, hapa Lulindi, mama Agatha akibangua korosho kibarazani alisimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyoshika jembe kwenye njia ile pamoja na Pili, kabla ya kuchoshwa na shida ya maji akahamia huku chini na wenzake, na Mwalimu akainuka akasahau hata kofia. Mashahidi wa shida ya maji alikuwa amewatafutia kule kule ambako shida hiyo ilikwisha kuwafukuza. "Mbona sisi hukutuuliza?" mama Agatha alimwambia, na aibu ile haikumtoka tena.

Aliandika kwa mkono wake cheti cha mshindi wa kwanza 2009, akakitia mkobani, na tangu hapo alikuwa mtu wa bodaboda na mabasi, leo Tandahimba, kesho Nachingwea, popote alipoambiwa yuko Yasmini, na alipostaafu mwaka 2016 ndiyo kwanza akazidi, hata Mama Godwin akawa anasema mumewe ameoa barabara.

Mwaka 2022 alianza kuugua figo, akalazwa mara nne, akitoroka wodini mara mbili kwenda kuulizia, hadi Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa moja asubuhi, alipofariki dunia. Siku moja kabla alimwambia Mama Godwin kwamba Yasmini amekuja, amekipokea cheti, na wamecheka wote wawili. Lakini homa ilikuwa kali, wauguzi hawakumwona mgeni, wa kitanda cha jirani alikuwa amelala. Mkobani cheti hakimo, na tumepekua mpaka chini ya godoro.

Shahidi ni mmoja, naye ndiye tunayemzika, kwa hiyo kwa kanuni yake mwenyewe jambo hili hatuwezi kuliandika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotuchotea maji ya msiba, walimu wenzake wa Masasi na Newala, na wanafunzi wake wote. Yasmini binti Mujibu, kama umo humu, tunakuomba usimame, mstari wako tumeuacha wazi.

Nawe Mjomba, pumzika kwa amani, kaa sasa umalize chai yako, kuulizia umetuachia sisi.