Mama Baridi na Mkondo wa Molekuli

Ndugu waombolezaji, dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Baridi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshona nguo, na tangu utotoni alikuwa mbishi, ukimwambia jambo haliwezekani ndiyo kwanza umemchokoza.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, ambako alihitimu shahada ya fizikia mwaka 1985, akabaki hapohapo katika maabara ya ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha, chenye pampu zinazonguruma kutwa kucha.

Kazi yake, kama alivyotueleza sisi tusiojua, ilikuwa kutengeneza chanzo cha mkondo wa molekuli, yaani kuichoma metali kwa leza ndani ya kisanduku chenye gesi ya heli iliyopozwa mno, ili molekuli zitulie, zitoke polepole kwenye kitundu kimoja, zipimwe kwa makini kujua kama elektroni iliyomo ndani yake ni mviringo kabisa au imebonyea kidogo.

Mwaka 1990 aliolewa na mwalimu wa muziki, wakajaliwa binti na mvulana, waliozoea kumwona mama yao akichovya mkate kwenye chai huku mawazo yake yakiwa kwingine kabisa.

Kwa miaka mingi mkondo ulitoka hafifu, wakubwa wakachoka, na mwaka 2009 mkuu wa idara akamwambia, "Mama, tumefukuza upepo vya kutosha, tufunge," naye akajibu, "Funga ofisi yako, yangu bado ina kazi," basi akapewa hadi mwisho wa mwaka wa masomo, akafumua kisanduku chote, akagundua kuwa heli ilikuwa ikirundikana nje ya kitundu na kuzigonga molekuli njiani, akabadilisha umbo la mdomo wa kile kitundu, akaweka mkaa wa kuinyonya ile heli, na mkondo ukatoka kwa nguvu ambayo pale haijapata kuonekana, mkuu yuleyule akaja mbio kumkumbatia, akaondoka na shati lenye grisi.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na figo, akawa anakwenda kusafishwa damu, na akitoka huko anapitia kazini, tukimkataza anasema figo ndizo zimechoka, yeye hajachoka.

Asubuhi ya tarehe 14 mwezi huu, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ndiye msimamizi wa maabara, alikuja kitandani kwake kumweleza kwa unyonge kwamba kipimo kimekamilika, ni makini kuliko vyote walivyowahi kufanya, lakini elektroni bado inaonekana mviringo, naye akamwambia, "Unanuna nini? Kama imebonyea, basi ni kidogo mno kipimo chenu hakijaweza kuona, pozeni tena mpime," akacheka hadi akakohoa, na jioni akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wamefika nusu tu, kwa sababu nusu nyingine wameshaanza kupima upya, nasi tumewaambia wasiombe radhi.

Dada, umechoka kihalali, sasa pumzika kwa amani.