Nyota Iliyoelekea Barabarani

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mwambie mteja akungoje kidogo. Jioni hii tunamkumbuka mtu wa Malava. Jina lake ni Cleophas Shikanga.

Huenda hulijui jina hilo, lakini nguzo zake unazijua. Ukitoka Kakamega kuelekea Webuye, kabla hujafika soko la Malava, tazama upande wa kushoto. Krismasi mbili zilizopita uliona nyota ya njano ikitembea juu ya mahindi yaliyovunwa. Ilitoka mlangoni mwa nyumba, ikaja hadi barabarani. Ikazima. Ikaanza tena mlangoni. Abiria walitoa simu madirishani wakapiga picha.

Aliyejenga nguzo hizo ni Cleophas Shikanga. Amefariki. Tunamzika Jumamosi hii.

Nawaambia mapema, wasikilizaji wangu, sina habari njema niliyoificha mwishoni. Nilikaa nyumbani kwake mchana mzima nikiitafuta. Sikuipata.

Cleophas alizaliwa hapo hapo Malava. Aliendesha trekta la miwa miaka mingi, upande wa Mumias, hadi kazi ilipokwisha na akarudi nyumbani na goti bovu na tabia moja ya udereva iliyokataa kumtoka. Mkewe, Mama Priscah Naliaka, aliniambia hivi: "Huyu mzee alikuwa anapiganga mluzi kwa kona. Hata akibeba ndoo ya maji. Akifika kona ya jikoni, fiii! Kuku wanakimbia. Namuuliza, Baba Khalayi, unaonya nani? Ananiambia, barabara ni ya watu wengi."

Mama Priscah alicheka akisema hivyo. Kisha akatazama kona ya jikoni.

Baba Khalayi. Mama Khalayi. Walikuwa na mtoto mmoja tu, na jina lake ni Khalayi. Shikeni jina hilo, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu nguzo zote zilijengwa kwa ajili yake. Khalayi alimaliza shule, akakaa nyumbani bila kazi, kisha mwaka wa 2021 akaenda Ghuba kufanya kazi ya nyumbani. Kuna ofisi mjini iliyompeleka. Miaka miwili ya kwanza alipiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Hakujisifu wala hakulalamika. Aliuliza habari za ng'ombe.

Kisha barabara ikapanuliwa.

Mti wa mkuyu uliokuwa kwenye kituo cha matatu, mbele ya geti lao, ulikatwa. Kibanda cha buluu, kile cha mandazi, kilibomolewa. Mtaro wa mawe ukachimbwa. Mdogo wake Cleophas, Bwana Wanjala, alipiga picha mahali hapo akamtumia Khalayi kwa simu. Khalayi akajibu kwa maneno mawili. Aliandika: "Ni wapi?"

Lilikuwa geti la kwao, na hakulitambua.

Wanjala alidhani ni kichekesho. Akamwonyesha kaka yake. Cleophas hakucheka. Aliishika simu ile, akaitazama picha, akaitazama barabara yenyewe, akarudi kwa picha. Jumapili iliyofuata alimwambia binti yake, "Siku ukikuja, usiulize mtu. Nitaweka taa. Utaona nyota, unashuka hapo."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Na niseme ukweli kama familia ilivyouelezea: Cleophas hakujua lolote kuhusu umeme. Jaribio la kwanza lilikata stima kwake na kwa majirani, na mama mmoja akaja na sufuria ya obusuma, yaani ugali, nusu mbichi, akamwekea mlangoni. "Malizia kupika, fundi," akamwambia.

Baada ya hapo aliacha stima ya nguzo kubwa. Akatumia betri ya lori. Alikata mikaratusi kutoka ukingo wa shamba lake, akaibambua maganda. Sasa, ninyi wenye mashamba mnajua mchwa wa kwetu. Mti ukichimbiwa ardhini bila dawa, unaliwa. Kwa hiyo anayechimbia nguzo hukausha mti kwanza juani. Kisha anachoma mguu wake kwa moto hadi uwe mweusi. Kisha anaupaka oili chafu ya gari, tena na tena, hadi mti ukatae kunywa. Cleophas alifanya hivyo kwa nguzo nane. Nane. Nenda leo uzipige teke, utaumia kidole.

Juu ya kila nguzo aliweka nyota ya waya, imevishwa nailoni ya njano, na balbu ndogo ndani. Ili nyota itembee, alichukua mota ya waipa, ile inayofuta mvua kwenye kioo cha lori. Akaifunga kwenye kisahani cha mbao chenye kipande cha shaba. Kisahani kikizunguka, shaba inagusa waya mmoja, nguzo moja inawaka. Inagusa waya unaofuata, nguzo inayofuata inawaka. Ukitazama kwa mbali unaapa ni nyota moja tu, na ina miguu.

Wiki moja kabla ya Krismasi ya mwaka 2023, Khalayi alipiga simu katikati ya wiki. Haikuwa Jumapili. Alisema, "Baba, wamenipa ruhusa. Nakuja Krismasi."

Wasikilizaji wapendwa, nguzo zilikuwa nane, na hazikufika barabarani. Zilikomea kwenye ua wa michongoma. Nyota ingesimama ndani ya shamba, na mtu aliye garini asingejua ashukie wapi. Ilihitajika moja zaidi, pale pale kando ya mtaro. Nguzo ya tisa.

Cleophas alikata mkaratusi asubuhi. Jioni ulikuwa umesimama.

Bwana Wanjala ananiambia, "Nilimwambia, mkubwa wangu, huo mti unatoa maji. Ngoja tuuchome mguu. Akaniambia, Wanjala, mtoto yuko njiani na wewe unaniambia habari ya mguu? Nikamshikia mti. Hata mimi nilikuwa nimefurahi."

Hawakuukausha. Hawakuuchoma. Hawakuupaka oili. Waliupaka rangi nyeupe iliyobaki kanisani, ili ung'ae.

Jioni ya kwanza majirani wote walikuja. Cleophas akawasha. Nyota ikatokea mlangoni, ikarukia nguzo ya pili, ya tatu, ikapita ua, ikafika barabarani, ikazima. Watu wakapiga makofi. Kisha Wanjala akapaza sauti. Yeye hana breki mdomoni, na alinipa ruhusa ya kusema hivyo. "Mkubwa wangu! Nyota yako inatoka! Haiingii! Unaleta mgeni ama unamfukuza?"

Kicheko kilisikika hadi sokoni. Mama Priscah anasema mumewe alikosea kuunganisha nyaya, hilo yeye alilijua papo hapo. "Aliangalia zile nyaya, kama mtu ameulizwa jina la mjukuu na amesahau. Halafu akajikaza. Akasema, Wanjala, kwani wewe mgeni unamngojeanga kitandani? Mgeni anaendewanga stejini. Nyota inaenda kumchukua."

Na kweli, kwetu ndivyo. Mgeni wa maana hufuatwa stejini, pale magari yanaposhusha watu, anapokewa mkoba, anatembezwa hadi nyumbani. Wanjala alijitolea kugeuza nyaya kesho yake. Cleophas akakataa. Nyota ilibaki hivyo, ikitoka nyumbani kwenda barabarani.

Siku ya Krismasi kuku alichinjwa. Firigisi, ile tunayoiita imondo, ni ya mwenye boma, hilo halina mjadala. Cleophas aliiweka kwenye kisahani, akakifunika, akasema ni ya Khalayi. Kila gari lililopunguza mwendo, alisimama. Alivaa koti. Jioni ilipoingia aliwasha nyota na kwenda kusimama chini ya nguzo ya tisa, ile nyeupe, upande ambao dereva angemwona.

Khalayi hakuja.

Simu yake ilikuwa imezimwa. Jumapili iliyofuata ilikuwa imezimwa. Hadi leo ninapoongea nanyi, imezimwa. Ofisi iliyompeleka ilihamia jengo lingine, ikahama tena, na mahali pale sasa panauzwa wigi. Cleophas na mkewe walibisha kila mlango waliouonyeshwa. Waliambiwa waache nambari ya simu. Waliacha nambari ya simu.

Mwaka jana Cleophas aliwasha tena. Nyota ikatoka mlangoni ikaenda barabarani, kila jioni, mwezi mzima wa Desemba. Imondo ikafunikwa tena. Wanjala alimwomba waing'oe ile nguzo ya tisa na kusimamisha nyingine, kwa sababu alikuwa ameona udongo wa mchwa chini yake. Cleophas alifuta udongo kwa mguu, akapaka rangi nyingine juu. "Hiyo ni ya Khalayi," akasema. "Nilisimamisha siku alisema anakuja. Akija akute ni hiyo."

Wasikilizaji wapendwa, naomba hapa mnisikilize vizuri. Mchwa hula ndani. Nje huacha. Mwezi huu wa Novemba, mchana, jua likiwaka, Cleophas aliegemeza ngazi kwenye nguzo ya tisa ili afunge nyota mapema mwaka huu. Alipanda. Alipiga mluzi, Mama Priscah aliusikia akiwa jikoni. Nguzo ikakatika chini kabisa, kama muwa. Ndani hapakuwa na mti. Rangi ndiyo iliyokuwa imebaki imesimama.

Cleophas aliangukia kwenye mtaro wa mawe.

Wanjala ndiye aliyemfikia kwanza. Nilimuuliza kaka yake alisema nini. "Aliniuliza, nyota imevunjika? Nikamwambia, hapana, mkubwa wangu, nyota iko sawa. Nilimdanganya. Ilikuwa chini yake."

Walimpeleka hospitali mjini Kakamega. Hakusema neno lingine. Cleophas Shikanga amefariki akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha mke, Priscah Naliaka. Ameacha mdogo wake, Wanjala. Na hapa, kwenye karatasi ya tangazo ambayo familia ilinipa, kuna mstari unaosema "baba yake Khalayi." Hawakuandika yuko wapi. Kwa watoto wengine wa nchi hii huandikwa "wa Nairobi", "wa Eldoret", "wa Mombasa". Kwake waliacha jina peke yake.

Nilipokuwa nikiaga, majirani walikuwa wakiingia kwa matanga. Jua lilikuwa linazama. Mwanamke mmoja alimshika Mama Priscah mikono miwili akamwambia, "Mama Khalayi, jipe moyo. Mtoto atasikia tu habari hii huko aliko, atakuja."

Mama Priscah alitoa mikono yake taratibu. Akasema, "Dada, kula chakula. Lakini hiyo usiniambie tena."

Baadaye, tukiwa wawili, alinituma kwenu. Haya ni maneno yake, sijaongeza kitu: "Waambie watu waje. Waimbe, walie, wale. Lakini wasiniambie atakuja. Mzee ndiye alikuwa anaamininga kwa niaba ya sisi wawili. Mimi nilikuwa nampikia tu hiyo kuku."

Kwa hiyo, kwako Mama Priscah Naliaka, kwako Bwana Wanjala, na kwa jamaa wote wa Malava na Lugari: poleni. Sisi wa redio hii tumewasikia. Hatutawaambia atakuja. Tunawaambia poleni, basi, na Jumamosi tutakuwa nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, tafakari kitu kimoja jioni hii. Katika mtaa wako kuna nyumba yenye mtoto ambaye simu yake imezimwa. Unaijua. Umeacha kuuliza, kwa sababu unaona aibu, hujui useme nini. Nenda uulize. Taja jina la mtoto huyo mbele ya mama yake, kisha ukae. Usiseme kitu kingine.

Mwisho ni maelekezo ya njia, kwa watakaohudhuria matanga na mazishi. Kutoka Kakamega, shika barabara ya Webuye. Ukikaribia soko la Malava, tazama kushoto. Familia inawasha taa tangu saa kumi na mbili na nusu jioni, kila siku ya matanga. Wanjala alitaka kusimamisha nguzo mpya ya tisa. Mama Priscah alikataa, akasema ibaki hivyo.

Mtaiona. Nyota inatoka mlangoni. Inapita shambani, nguzo kwa nguzo, inafika kwenye ua wa michongoma, inazima. Kisha giza, kidogo tu, upana wa mtaro na nafasi ya mtu kusimama. Kisha inaanza tena mlangoni.

Mkiona mahali hapo ambapo nyota haifiki, shukeni hapo.