Mahali Alipotoka, Mahali Alipo

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenitoa katika kiburi changu bila kunivunja. Kazi yangu ni kuandika programu za simu hapa Goma. Mama yangu huwaambia watu kwamba natengeneza simu, nami nimechoka kumsahihisha.

Mlima ulipotema moto, tulikimbia. Wengi tulishika barabara ya Sake, na katika msongamano ule watoto waliponyoka mikononi mwa wazazi wao. Kanisa letu likaniomba programu ya kuwatafuta. Mtumishi anamwandika mtoto kwenye ukurasa mmoja, mzazi anasoma habari zake kwenye ukurasa mwingine. Kati ya kurasa hizo mbili kuna vitu vya kubebwa: jina, umri, mahali mtoto alipotoka, mahali alipo sasa. Kazi hiyo ya kubeba niliiandika mwenyewe mstari kwa mstari, haraka haraka, nikajisifu.

Ndugu zangu, nilipindua. Mahali mtoto alipotoka nilipaweka pale pa kuonyesha alipo. Kompyuta haikulalamika, maana kwake Ndosho na Mugunga ni maneno tu.

Mama Masika, anayeuza samaki wa Vitshumbi pale Ndosho, alikuwa amekimbilia Mugunga na anamtafuta Furaha wake wa miaka minne. Simu ikamwambia mtoto yuko Ndosho. Akarudi kwa miguu, ardhi bado inatetemeka, akakuta nyumba imefungwa na kuku wake mmoja mlangoni. Kumbe Furaha alikuwa palepale Mugunga, katika darasa la shule, karibu na alipolala mama yake. Mama aliporudi Mugunga, watoto wa shule ile walikuwa wamehamishwa, na hakuna aliyejua kwa hakika wamepelekwa wapi.

Alikuja kwangu ameshika viatu mkononi.

"Mutoto yangu, simu yako ilisema Ndosho. Niliendaka. Hakuna mutu."

"Ni rezo, mama," nikamjibu.

Mnajua wenyewe jinsi tunavyoisingizia rezo mji huu, hata siku mtandao uko mzima. Mama Masika aliitikia kwa kichwa. Aliniamini, na kule kuaminiwa kuliniumiza kuliko kama angenitukana. Nilitoka nje, nikalia nyuma ya nyumba, nikamwomba Bwana anipe kinywa cha kusema kweli. Akanipa. Nikarudi.

"Mama, si rezo. Ni mimi. Nilichanganya fasi mutoto alitoka na fasi iko."

Aliweka viatu vyake chini. Halafu akaniuliza, taratibu kabisa, "Na ile kazi yako, haina karatasi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba kule Vitshumbi kila kikapu cha samaki kina karatasi inayosema kinatoka wapi na kitashukia wapi. Inaandikwa mara moja, kwa nakala mbili, moja ya anayepakia na moja ya anayepokea.

"Kikapo bila karatasi, shofere anaikatala palepale ku ziwa," akasema. "Tunarekebisha mbele iondoke. Ikishaenda, itaozea mu njia."

Bwana alinifundisha kazi yangu kwa kinywa cha mama aliyekuwa amepotelewa na mtoto kwa kosa langu! Niliketi siku ileile nikaanza kutengeneza chombo kipya cha kuniandikia kazi ile ya kubeba. Mimi nakipa orodha moja tu ya vitu vya kubebwa, nacho chenyewe kinaandika sehemu ya kupakia na sehemu ya kufungua, zikilingana. Mahali pa kutoka na mahali alipo mtoto nikavipa kila kimoja aina yake, kompyuta isivione tena kuwa maneno tu. Ukivipindua, au ukisahau kimoja, programu inakataa kutengenezwa. Inakataa hapo mezani kwangu, kabla haijafika mkononi mwa mama yeyote.

Siku ya nne habari ikaingia: Furaha, miaka minne, alitoka Ndosho, yuko Sake. Mama Masika aliisoma, akanitazama.

"Ni kweli hii?"

"Ni kweli, mama."

Tulipanda pikipiki moja. Furaha alikuwa ameketi kwenye mkeka na nguo isiyo yake. Mama yake alipombeba, mtoto alimshika shavu akauliza, "Kuku yetu iko?" Hapo mama ndipo alipolia. Nami nililia, sioni aibu kusema.

Miaka ikapita, waasi wakaja, Mugunga ikajaa tena watu waliokimbia. Nikaongeza ukurasa mpya kwa haraka na kwa woga, nikasahau kupitisha mahali mtoto alipo. Programu ikakataa. Nilimshukuru Mungu kwa kukataliwa kule, nikarekebisha.

Furaha yuko pale, benchi ya tatu, amekua. Mama yake hajawahi kunikumbusha lile kosa hata siku moja. Basi wewe unayenisikia, kama kuna mtu umemwambia ni rezo na moyoni unajua ni wewe, mtegemee Yesu, inuka umwendee leo. Mimi nilikwenda na woga wangu, nikakuta Yesu ameshanitangulia mlangoni.