Mama Habibah, Aliyesoma Kisichosomeka

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Habibah Abdul-Karim anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kumbukumbu za ndoa na vizazi, hapa Nakivubo, kwa miaka thelathini na mitatu. Ametuomba tusiandike mengi. Samahani Mama, kwa hilo hatukutii.

Alikuja mwaka 1992, binti wa askari, akiwa na cheti cha kupiga taipu na Kiarabu alichofundishwa na baba yake. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta madaftari ambayo wazee wa jumuiya yetu, askari waliotoka Sudan, walianza kuyaandika kwa Kiarabu wakiwa kambini. Kompyuta ilikuwa moja tu, na haikujua Kiarabu. Printa ilikijua. Basi kila alif ilionekana kwenye kioo kama pembe ya mlango, na jina zima la mtu likafanana na nondo za dirisha zilizochanganyika na herufi za Kigiriki. Karatasi ikitoka kwenye printa, Kiarabu safi! Tena printa yenyewe ilichapa kutoka kushoto tu, kwa hiyo kila jina ilibidi aliandike kuanzia mwisho.

Mwingine angeaga mapema. Yeye, baada ya mwaka mmoja, alikuwa anazisoma hizo nondo moja kwa moja kwenye kioo huku anakunywa chai. Mazoea yakamfuata nyumbani: mpaka leo gazeti hulianzia ukurasa wa nyuma, na orodha yake ya sokoni huanza chini ikapanda juu. Tulimcheka sana, na wala hatukujua tunacheka nini.

Mwaka 2011 mafuriko yaliingia ofisini yakaharibu madaftari yote. Familia 6,412, kila moja na ukurasa wake, zikabaki ndani ya kompyuta peke yake. Machi 2019, Mama akiwa likizo kumwoza binti yake, kompyuta ikafa.

Fundi wetu Odur aliokoa mafaili akayahamishia kwenye mashine mpya, akajaribu kila jedwali la herufi analolijua, yaani orodha inayoiambia kompyuta alama ipi ni herufi ipi. Herufi za Kiarabu zilitoka, lakini halikupatikana hata jina moja la mtu. Akaripoti kwamba mafaili yameharibika. Mwenyekiti Zubairi, kwa uchungu, akaamua yafutwe Ijumaa, tuanze upya.

Aliyeumia zaidi ni Bibi Sumayiya, mjane wa sajini, miaka sabini na minane. Alikuwa ameandikishwa kwenda Hija, na bila ukurasa wa kuzaliwa kwake hangepata pasipoti. Kila asubuhi alikuja akakaa kwenye benchi letu.

Jumatano Mama Habibah akarudi, hina ya harusi bado mikononi. Akaomba faili lifunguliwe kama lilivyo, bila jedwali lolote. Akavaa miwani, akatugeukia: "Hii mimi nasoma. Nyinyi mnaogopa nini?" Akaanza kusoma kwa sauti, kutoka kulia: Sumayiya, binti wa Muhamadi, amezaliwa Bombo, siku ya pili ya Idi. Bibi Sumayiya aliposikia jina la baba yake alilia, nasi tukalia naye.

Odur alijishika kichwa. Jedwali lake la kwanza kabisa lilikuwa sahihi. Kilichobaki ni kuyageuza majina. Ijumaa ileile iliyopangwa kufuta, kurasa zote 6,412 zilisomeka, hata moja haikupotea. Mwenyekiti alinunua sambusa za ofisi nzima. Bibi Sumayiya alikwenda Makka mwaka huohuo akarudi Hajati, na leo mjukuu yeyote wa jumuiya yetu anaufungua ukurasa wa babu yake kwenye simu.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba ile kibodi ya zamani. Tumeisafisha, tumeifunga kwa utepe, ni yako.

Asante kwa kututunzia majina yetu wakati sisi tuliyaona takataka. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wengi wa kukuchosha. Salamu za mwisho ziko hapa chini. Wageni wetu, tafadhali msimlaumu mchapaji. Anayehitaji kuzisoma ni mmoja tu, naye ataanzia kulia.

╔╚Ω╚═ ╟╤π╘

Babra Lamwaka, kwa niaba ya wafanyakazi wote