Dada Yetu Timazi na Ukuta wa Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, poleni na msiba. Wasifu mlionao kwenye programu umekatwa. Kamati iliona inafaa. Mimi, mdogo wake anayemfuata kuzaliwa, nitausoma wote kama familia ilivyouandika, na nitajitahidi sauti yangu isipande.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa seremala wa milango na vitanda, mama alikuwa mkunga. Mama husema mtoto huyu alichelewa kutembea kwa sababu kila alipokifikia kiti alikitikisa kwanza ndipo akakishika. Zamani tulidhani mama anatia chumvi. Tuliomjua dada ukubwani hatudhani tena.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani kuanzia mwaka 1974, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1987 akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi wa ujenzi. Mwaka wa kwanza alifeli uchoraji. Alichora ngazi safi, kila kidato kimelingana na mwenzake, na mwalimu akamuuliza, "Binti, hii ngazi inampeleka mtu wapi?" Akaitazama, akaona inaishia ukutani, akajibu, "Kumbe hata mimi sijui." Alirudia somo, akafaulu, akahitimu mwaka 1991. Kisa hicho tulikijua kwa sababu alikisimulia mwenyewe, hata kwa vijana aliowafundisha kazi. Dada hakuona haya kusema, "Hapa nilikosea."

Alianza kazi kwa mkandarasi wa madaraja madogo na maghala. Mwaka 1999 aliajiriwa na ofisi ya mipango miji, akiwa mhandisi wa majengo. Mafundi ndio waliompa jina la Timazi, kwa sababu timazi ya marehemu baba, ile kamba yenye uzito wa kupimia unyoofu, haikukosekana kwenye mkoba wake. Fundi akimwambia, "Mama, huu umenyooka," yeye alijibu, "Tuuulize wenyewe," na kushusha kamba. Wapo waliomkimbia kwa hilo. Mimi nilipojenga, alinibomolesha boriti ya jikoni zege likiwa bado bichi, tukanuniana hadi mwisho wa mwaka. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, mfamasia, mtu mpole kupita kiasi. Siku hiyo mpiga picha alitaka ukoo mzima upande kwenye roshani ya ukumbi. Bibi harusi akasimama mlangoni na shela lake, akatandaza mikono. "Hii roshani ni ya watu sita," alisema, "si ya ukoo." Shangazi akasonya, "Hata leo?" Naye akajibu, "Shangazi, roshani haijui kama leo ni harusi." Picha ikapigwa uwanjani, shangazi kanuna. Walijaliwa binti na mtoto wa kiume.

Sasa nafika kwenye aya iliyokatwa.

Mwaka 2019 ofisi yake ilianzisha mradi wa kufufua mtaa wa zamani: mabomba mapya, taa, njia za waenda kwa miguu, na majengo mabovu kukarabatiwa badala ya kubomolewa. Dada aliupenda mradi huo kuliko kazi zote za maisha yake. Alisema mji hauzaliwi upya kwa kuwafukuza waliouzaa. Alikabidhiwa jengo la ghorofa tatu lililo nyuma ya soko, familia ishirini na nne, maduka chini. Ukuta wake wa nyuma, upande wa ngazi, ulikuwa na nyufa. Swali lilikuwa moja: je, nyufa hizo ni za zamani na ukuta umeshatulia, au ukuta bado unazama? Ukiwa umetulia, unaziba na kupaka rangi. Ukiwa unazama, lazima uchimbe chini na kuutilia msingi mpya, kazi ndefu, ngumu, isiyopendeza kwenye picha.

Ili kulijua hilo, dada alibandika vipande vyembamba vya kioo juu ya nyufa kwa plasta na kuandika tarehe pembeni. Ni njia ya zamani. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinavunjika. Alivikagua mvua moja hadi mvua nyingine, na kila alipopanda ngazi alikuta vioo vizima. Akaandika ripoti kwamba ukuta umetulia. Akaweka saini. Wapangaji wakahamishwa kwa muda, mafundi wakaingia.

Siku moja alikwenda kuwajulia hali wapangaji kwenye nyumba za muda. Alipokelewa na mama mmoja ambaye wenzake humwita Mama Ngazi, kwa kuwa alizifagia zile ngazi kila asubuhi bila kutumwa na mtu. Walipokuwa wakinywa chai, Mama Ngazi akamwambia kwa furaha, "Mwanangu, vile vioo vyako watoto na mpira wao walikuwa wanavipasua kila mara. Ila sikukuacha uaibike. Nilikuwa naenda kwa fundi vioo nakata vingine, nabandika palepale."

Dada akauliza, "Na tarehe je, mama?"

"Nimeandika ileile yako. Nimeiga mpaka mkia wa ile saba."

Dada aliweka kikombe chini. Hakumgombeza. Alimshika mkono akamwambia, "Umenitunza, mama. Sasa itabidi tuanze upya." Hakukuwa na mpira wowote. Kwenye zile ngazi hapachezeki hata gololi. Ukuta ulikuwa unazama, na mama wa watu, kwa upendo wake wote, alikuwa anaufichia siri.

Kesho yake dada alikwenda ofisini kuikana ripoti yake. Mkuu wa mradi, ambaye tuko naye hapa na tunamshukuru kwa kuja, alimwambia, "Mhandisi, ripoti ni yako, saini ni yako. Leo unaikana?"

"Naikana. Nilikosea. Simamisha kazi tupime upya."

"Mradi hausimami kwa ajili ya bibi na plasta yake."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa waliuziba, kwa rangi ya maziwa, wakapiga picha. Dada alihamishiwa kitengo cha mitaro ya barabarani, eti apumzike. Hakupumzika. Aliandika, alipiga simu, alikwenda kusubiri kwenye viti vya korido mpaka wahudumu wakamzoea na kumletea maji. Kila mlango ulimjibu maneno yaleyale: ulisema mwenyewe umetulia. Mtu anapokosea na kung'ang'ania kosa, anaitwa ana msimamo. Dada alikosea na kusema nimekosea, akaitwa kigeugeu. Jambo hilo linanikera mpaka sasa ninapolisoma, na sitaki kudanganya kwamba litaniisha.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu kwa zaidi ya mwaka, akiwa mchangamfu kwa wauguzi na mkali kwa kitanda, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Kila mgeni aliyeingia aliulizwa, "Mvua imeshanyesha?" Shemeji akijibu imenyesha, swali la pili lilikuwa, "Na nani ameenda kuangalia ukuta?" Hakuna aliyekuwa ameenda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tulichoka kuusikia kabla yeye hajachoka kuubeba. Alifariki tarehe 2 Novemba 2024, saa nane mchana, mama na shemeji wakiwa kando yake.

Juzi mkuu wa mradi alikuja nyumbani kutoa pole. Alituambia kwamba jengo lile litapewa jina la dada, na kwamba Jumatatu familia zote ishirini na nne zitakabidhiwa funguo zao, kwa heshima yake. Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, aliniita pembeni. "Mwanangu, ile aya ya ukuta itoe. Watu wamekuja na heshima zao, msiba si baraza." Baba mdogo, nakuheshimu, na umenibeba mgongoni. Lakini wao wameomba jina lake, na jina lake haliendi mahali bila neno lake. Neno lake la mwisho juu ya jengo lile lilikuwa hapana.

Kwa hiyo familia inakataa jina hilo kuwekwa. Rangi ikwanguliwe, vioo vibandikwe, mvua moja ipite. Ukuta ukikutwa umetulia, mimi mwenyewe nitakuja kuomba radhi hadharani na kushika ngazi wakati mnapigilia kibao.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka mmoja na wadogo watatu. Ameacha pia familia ishirini na nne, nyingi ziko hapa leo, nawaona kule nyuma, na Mama Ngazi yuko nazo. Mama, usilie. Hakukulaumu hata siku moja.

Mungu ampumzishe dada yetu, kazi aliyoweza ameifanya. Nanyi wa jengo lile, Jumatatu mkipewa funguo zichukueni, ni haki yenu. Ila nawasihi, kwa niaba yake, msilaze watoto mle.