Uzi Hufungwa Pembeni

Pale Mumbuni, mbele ya banda la pancha la Maundu, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na ukilikalia asubuhi huondoki bila maneno. Maundu wanamwita Injinia, ingawa injini hajawahi kuifungua hata ya pikipiki. Mburu, muuza dawa za ng'ombe, anaitwa Daktari, na jina hilo hajalikataa hata siku moja. Khadar ndiye mwenye birika la kahawa. Na pale mwisho wa benchi, akisuka kiondo magotini, alikaa Wavinya wa Kalama, Susu, yaani nyanya, wa benchi zima. Kesho yake alitakiwa aende Nairobi kuanza kupigwa miale kwa ajili ya saratani ya titi. Asubuhi hiyo alikuja na neno moja tu.

— Siendi.

— Susu! Khadar akalitua birika. Kwa nini?

— Ndanu wangu, huyu mjukuu anafanya kazi ya maabara Kisumu, alinipigia jana. Anasema ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna uzi mrefu kunishinda mimi. DNA. Umezungushiwa vigurudumu vidogo sana, ukakunjwa, ukakunjwa tena. Sasa hiyo miale inaukata! Na vile umebanana, nani ataingia huko ndani aunge?

— Hiyo ni tyubu! Injinia aliruka na spana mkononi. Huwezi ziba pancha kama tairi imebana. Unatoa kiini, unaweka kwa beseni ya maji, unaangalia povu inatokea wapi!

— Wewe ziba mdomo kwanza, Mburu akasema. Mimi nimeona mkia wa mjusi ukikatika. Unaruka! Kitu ikikatika inatafuta mwenzake. Kwa hivyo Susu aruke kamba nusu saa, ndiyo nyuzi zikutane. Wazee walisema, mtaka cha mvunguni lazima aruke!

— Ainame, Daktari, Injinia akamsahihisha.

— Hata kuinama ni mazoezi!

— Dawa ni tangawizi, Khadar akadakia, akimmiminia Susu kikombe. Tangawizi inalegeza. Vikombe viwili, uzi wote unafunguka.

— Na ukifunguka wote? Injinia akauliza.

— Basi Susu atakuwa mrefu kama mlingoti wa stima, na haba na haba hujaza kibaba!

Wavinya alicheka mpaka mkonge ukamkatikia mkononi, katikati kabisa, pale ua la kiondo linaposhonana sana. Vidole vyake havikungoja. Viliuchomoa ule uzi polepole kutoka kwenye msongamano, vikauleta hadi ukingoni, vikatafuta wa rangi yake, vikafunga.

Akaisikia sauti ya mamake, kavu kama ganda la mbaazi: "Wavinya, uzi ukikatika kwenye kubana, usifunge humo humo. Utakamata wa jirani. Utoe pembeni, uone mwenzake ndiyo ufunge." Alikuwa na miaka tisa. Alifunga humo humo, nyekundu ikashikana na nyeusi, na kiondo kikaenda sokoni Muthetheni na ua limepinda kama mdomo wa mlevi.

— Ngojeni! alisema, na kahawa ikamwagika. Ngojeni jamani! Ndanu alisema hivyo, nikamkatia simu kwa hasira! Alisema uzi ukikatika pale palipobanana, haukai hapo. Unasogea! Unatolewa mpaka pembeni, ndiyo unaungwa na mwenzake. Mwili unajua kusuka!

— Si nilisema unatafuta mwenzake? Mburu akapiga benchi.

— Na ugonjwa je? Injinia akauliza. Kwani wenyewe haujui kuunga?

— Mara nyingi hauungi vizuri, Wavinya akajibu. Una haraka ya kuzaana. Ukikatwa leo, ukikatwa kesho, utachoka kabla yangu.

— Susu anaenda! Khadar akapiga kelele.

— Anaenda! Mburu akaitikia. Mbio za sakafuni huishia Nairobi!

Katika zile kelele akafika Bisharo, shangazi wa Khadar, na mtungi wake wa maziwa. Wakamsimulia ule uzi wote, kutoka kwenye vigurudumu hadi tangawizi, naye akausikiliza bila kuketi.

— Mashallah, alisema. Na kesho, nani anamsindikiza?

Injinia akainama kukagua tairi ambayo haikuwa na pancha. Mburu akanywa kutoka kwenye kikombe kisichokuwa na kitu. Khadar akalitikisa birika, na sauti iliyotoka ilikuwa ya machicha matupu.

Wavinya akauvuta ule uzi aliouunga, kuona kama umeshika. Ulikuwa umeshika.

— Mimi saa kumi na mbili asubuhi niko stendi, alisema, macho kwenye kiondo. Nitakaa kiti cha dirishani. Cha kando yangu nitaweka mkoba, nimshikie mtu nafasi.